Baunsa wa barafuni: kazi na kifo cha Derek Boogaard

Leo tuiweke siasa pembeni, wadau. Nataka niwasimulie habari za jamaa mmoja aliyelipwa mamilioni ya dola kwa mchezo ambao, kusema ukweli, hakuwa na kipaji nao kikubwa. Katika mechi 277 za ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo alifunga magoli matatu. Matatu! Straika wa namna hiyo kwetu angezomewa mpaka kituo cha daladala. Yeye mashabiki walinunua jezi yake, wakaimba jina lake, na mkataba wake ulipokwisha timu nyingine ikampa fedha nono zaidi. Kilichomweka mjini hakikuwa magoli. Kilikuwa ngumi.

Jina lake Derek Boogaard. Mchezo wake ni mpira wa magongo, ila si ule tunaoujua wa kwenye nyasi. Huu unachezwa juu ya barafu.

Najua wengi wetu barafu tunaijua ile ya kwenye soda, kwa hiyo tuelewane kwanza. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza kwa kasi ya pikipiki huku wakigombania kisahani kigumu cha mpira mweusi kinachoitwa paki. Uwanja umezungukwa na ukuta wa mbao na vioo, na kumbamiza mwenzako ukutani ni halali kabisa mradi umfuate yule mwenye paki. Wenzetu wa Nairobi wana bahati, maana hoteli ya Panari kule Barabara ya Mombasa ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005 na hapo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Sisi wa upande huu tunaendelea kuangalia kwenye skrini.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukiliona mara ya kwanza utadhani ni fujo. Katikati ya mechi wachezaji wawili wanaangaliana, wanatupa glovu chini, wanashikana jezi kwa mkono mmoja na kuanza kutwangana kwa mkono wa pili. Uwanja mzima unasimama. Marefa nao wanasimama, pembeni, wakisubiri mmoja aanguke au wote wachoke. Kisha wawili hao wanapelekwa kukaa kwenye kiboksi cha adhabu kwa dakika tano, mmoja huku mwingine kule, halafu wanarudi kucheza. Hakuna kadi nyekundu wala kufungiwa mechi tatu. Dakika tano, basi. Na kwa kuwa wote wawili wametolewa, hakuna timu inayopungukiwa kuliko nyenzake.

Hilo si jambo lililopita chini ya meza. Ligi yenyewe, NHL, ilianzishwa mwaka 1917, na mwaka 1922 ikaweka kwenye kanuni kwamba adhabu ya kupigana ni dakika tano. Mtu anaweza kusema kanuni hiyo iliwekwa ili kuzuia ngumi. Mimi naiona kama bei. Ukishaandika bei ya kitu umeshakubali kwamba kinauzwa. Kwenye mashindano ya Olimpiki, mchezo huo huo, barafu ile ile, ukipigana unatolewa. Kwenye ligi za vyuo vikuu vya Marekani ni hivyo hivyo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ngumi zimo ndani ya damu ya mchezo. Zimo ndani ya ligi moja iliyoamua kuishi nazo, na ligi ndogo zinazoilisha wachezaji.

Sababu wanayoitoa wenyewe ni ya kuvutia na usiicheke haraka. Wanasema: huu ni mchezo wa kasi, watu wameshika magongo, refa haoni kila kitu. Mchezaji wako bora atachapwa gongo la mkono, atabamizwa kwa nyuma, na adhabu ya refa ni dakika mbili tu. Lakini kama kwenye benchi letu ameketi mtu mmoja mkubwa anayejulikana kwa kuvunja mataya, adui atafikiri mara mbili. Kwa hiyo kila timu ikawa na baunsa wake. Wayne Gretzky, ambaye ndiye Pelé wao, alikuwa mwembamba tu, lakini miaka ya themanini kule Edmonton alilindwa na Dave Semenko, kisha Marty McSorley. Alipouzwa kwenda Los Angeles mwaka 1988, McSorley akaenda naye katika biashara ile ile. Unamnunua mfalme pamoja na askari wake wa mlangoni.

Kabla ya hapo kulikuwa na Philadelphia Flyers. Timu hii ilikuwa changa mwishoni mwa miaka ya sitini, ikanyanyaswa kimwili na St. Louis Blues kwenye mechi za mtoano, na mwenye timu, Ed Snider, akaapa kwamba haitatokea tena. Wakasajili wababe. Mwaka 1974 na 1975 wakachukua kombe la Stanley mara mbili mfululizo. Mbabe mkuu alikuwa Dave Schultz, ambaye msimu wa 1974-75 alikusanya dakika 472 za adhabu, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Piga hesabu: ni karibu saa nane mtu ameketi kwenye kiboksi. Januari 1976 walikuja Wasovieti, CSKA Moscow, timu ya jeshi yenye mafundi watupu. Kipindi cha kwanza tu staa wao Kharlamov akalambishwa barafu, timu nzima ikaondoka uwanjani kwa hasira, ikabembelezwa ikarudi, ikafungwa 4-1. Baada ya mafanikio kama hayo nani angekuambia ngumi hazilipi?

Ni katika soko hilo Boogaard aliingia.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1982 mjini Saskatoon, jimbo la Saskatchewan, Kanada. Ni nchi ya mashamba ya ngano na baridi inayong'ata, na kila kijiji, hata kiwe kidogo namna gani, kina ukumbi wake wa barafu kama huku kila kijiji kilivyo na uwanja wa mpira wenye magoli ya miti. Baba yake, Len, alikuwa polisi wa kikosi cha taifa, na mnajua watoto wa polisi: uhamisho. Leo mji huu, kesho mji ule. Derek alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, mpole, mzito wa kusoma, mgeni kila mahali. Mtoto mkubwa mgeni ndiye kila mtu anataka kumjaribu.

Kwenye barafu hakuwa fundi. Mwili ulikuwa umekua kuliko miguu ilivyoweza kuusukuma. Lakini akiwa na miaka 15, wanakaa mji mdogo wa Melfort, ilitokea mechi ambayo timu yake ilikuwa inachapwa. Derek alipandwa na hasira, akaingia kwenye benchi la wapinzani peke yake akirusha ngumi, na watoto wa watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Jukwaani walikuwepo wasaka vipaji wa Regina Pats, timu ya ligi ya vijana. Kwetu tungetegemea waandike jina lake wakalipeleke kwa wazazi. Wao waliliandika kwenye orodha ya wachezaji wanaowataka.

Hapo ndipo mimi nasimama kila ninapoisoma habari hii. Mtoto wa miaka 15 ameshindwa kujizuia mbele za watu, na watu wazima wenye makoti na madaftari wamemtazama wakaona ajira. Kutoka siku hiyo hakuna aliyemwajiri Derek Boogaard kwa sababu nyingine.

Ligi ya vijana haikuwa mteremko. Regina walimwacha aende, akatua Prince George, mbali kabisa na nyumbani, huko British Columbia. Alipigwa. Aliwakumbuka wazazi wake. Kisha akajifunza. Kupigana juu ya barafu ni ufundi, msidhani ni kurusha mikono tu: huna ardhi ya kukanyagia, kwa hiyo nguvu yote inatoka kwenye jezi ya mwenzako uliyoishika. Ukimvuta anakuja, ukimwachia mnaanguka wote. Mwenye mikono mirefu anamweka mwenzake mbali na kumchapa akiwa huko huko mbali. Derek alifika futi 6 na inchi 7, uzito wa kilo kama 120, na mkono wake wa kulia ulikuwa nyundo.

Mwaka 2001 Minnesota Wild walimchagua, mtu wa 202 katika orodha ya mwaka huo. Wakampeleka kwanza kwenye ligi za chini: Louisiana, halafu Houston, Texas, miji ambayo barafu yake ya pekee iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Huko wachezaji husafiri kwa basi usiku kucha na wababe hupigana karibu kila wiki, kila mmoja akitafuta jina. Ni kama mchujo. Anayesalimika anapanda.

Oktoba 2005 akapanda. Kuna kejeli hapo, kwa sababu msimu uliotangulia wote ulikuwa umefutwa kwa mgogoro wa mishahara, na ligi iliporudi ilikuja na sheria mpya za kuongeza kasi. Wachambuzi wengi walikuwa wameshaandika tanzia za mababe. Boogaard akaonekana, akafunga magoli mawili msimu wake wa kwanza, akapigana, na watu wa Minnesota wakampenda papo hapo. Wakamwita kwa jina la zimwi la kutishia watoto. Alikuwa akicheza dakika tano hivi kwa mechi. Akisimama tu kutoka benchi, uwanja mzima ulianza kupiga kelele.

Pambano lililomjengea jina ni la tarehe 27 Oktoba 2006, dhidi ya Todd Fedoruk wa Anaheim, mbabe mwenzake. Lilikuwa fupi. Ngumi moja ya mkono wa kulia ilimpata Fedoruk upande wa uso na mfupa wa shavu ukasambaratika; madaktari walilazimika kuujenga upya kwa vyuma. Msimu uliofuata Fedoruk akahamishiwa Minnesota. Ndiyo, timu moja na Boogaard, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, meza moja ya chakula. Wakawa marafiki.

Nimejiuliza sana hilo linawezekanaje, na jibu ninaloliona ni kwamba hawa watu hawakuchukiana hata siku walipokuwa wanavunjana. Kuna kipande cha video maarufu cha Georges Laraque, mbabe mwingine, amevalishwa kipaza sauti. Anamwendea mpinzani, anamwuliza kwa upole kama yuko tayari, anamtakia kila la heri, kisha wanaanza kutwangana. Kama makarani wawili wanaofunga mahesabu. Laraque huyu ni mtoto wa wazazi kutoka Haiti, mzaliwa wa Montreal, baadaye akawa naibu kiongozi wa chama cha Kijani cha Kanada (siasa nimesema tunaiweka pembeni, lakini inajipenyeza yenyewe). Ameeleza wazi kwamba alichukia kupigana, na kwamba mateso makubwa yalikuwa ule usiku wa kuamkia mechi, unajua kesho kuna mtu wa kilo 110 anakusubiri.

Na kwa kuwa nimemtaja Laraque, niseme na hili. Mchezo huu ni wa wazungu kwa asilimia kubwa mno. Mweusi wa kwanza katika NHL, Willie O'Ree, aliingia mwaka 1958. Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Marekani, Val James, aliingia na Buffalo msimu wa 1981-82, na kazi yake ilikuwa ipi? Ngumi. Mashabiki wa ugenini walimrushia ndizi, naye alitakiwa kuwapigania wenzake. Kisha Donald Brashear, Peter Worrell, Laraque. Weusi wachache, na wengi wao mlangoni pa baunsa. Sisemi kulikuwa na kikao kilichoamua hivyo. Nasema tu ukihesabu utashangaa.

Turudi Minnesota. Mwaka 2007 Boogaard na mdogo wake waliendesha kambi mjini Regina ya kuwafundisha vijana wa miaka 12 hadi 18 namna ya kupigana barafuni. Watoto walipewa fulana zenye madoa ya damu ya bandia. Magazeti yalipiga kelele, wao wakajitetea kwamba wanafundisha watoto kujikinga. Binafsi naamini alimaanisha. Mtu aliyepigwa sana utotoni kwa kukosa mwalimu anaweza kabisa kudhani kwamba mwalimu ndiye alichokikosa.

Kinachofuata hakikuonekana kwenye televisheni. Kila ngumi inayotua ina mkono ulioirusha, na mikono ya wababe huvunjika kwenye helmeti na meno ya wenzao. Boogaard aliumia mgongo, pua, bega, vidole. Alipigana zaidi ya mara 60 katika NHL peke yake, ukiacha miaka ya ujana na ligi ndogo. Baunsa akikosa mechi kwa maumivu, kuna kijana wa kilo 115 huko Houston anasubiri simu. Kwa hiyo anameza kidonge anacheza.

Na vidonge vilikuwepo. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizokuja kuzikusanya baba yake, katika miezi mitatu tu ya msimu wa 2008-09 Derek aliandikiwa dawa kali za maumivu angalau mara 11, na madaktari wanane tofauti, akiwemo wa timu nyingine. Anakwenda kwa huyu, anakwenda kwa yule. Baada ya upasuaji wa mwaka 2009 hali ikawa mbaya zaidi, na Septemba mwaka huo akapelekwa kituo cha kutibu uraibu huko California. Wananchi waliambiwa anauguza mtikisiko wa ubongo. Hapa lazima niwe mkali kidogo. Mpango wa matibabu uliendeshwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji, madaktari walikuwa wa timu, na bado alipotoka vidonge vikaendelea kupatikana, vingine kwa madaktari, vingine mitaani. Hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Halafu wakampa mkataba. Julai 2010 New York Rangers walimsaini miaka minne kwa dola milioni 6.5. Mtu wa magoli mawili katika misimu mitano! Jezi namba 24 aliyoivaa Minnesota ilikuwa na mwenyewe, akachukua 94. Tarehe 9 Novemba 2010 akafunga goli dhidi ya Washington, goli lake la kwanza baada ya mechi 234, na kwenye picha ana uso wa mtoto siku ya Idi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba, mjini Ottawa, akapigana na Matt Carkner. Carkner akampata usoni. Pua ikavunjika, ubongo ukatikisika. Hakucheza tena mechi yoyote ya maisha yake. Alikuwa amecheza 22 tu kwa Rangers.

Majira yale ya baridi aliyamaliza katika nyumba ya kupanga jijini New York, peke yake kwa siku nyingi. Mwanga ulimuumiza macho, akavaa miwani ya jua mpaka ndani. Jiji la watu milioni nane na hana wa kula naye. Aprili 2011 alirudishwa California kwenye matibabu, na Mei akapewa ruhusa ya kutoka kwa muda. Akaenda Minneapolis, mji ulikompenda. Usiku wake wa kwanza akatoka na marafiki, akanywa, akameza vidonge. Tarehe 13 Mei 2011 ndugu zake walimkuta amefariki kitandani. Pombe na oksikodoni kwa pamoja. Alikuwa na miaka 28.

Mamia ya mashabiki walikusanyika uwanjani St. Paul kumlilia. Familia, kabla hata machozi hayajakauka, ilipokea ombi kutoka Chuo Kikuu cha Boston: tunaomba ubongo. Wakaridhia. Dk. Ann McKee, anayeongoza utafiti huo, alikata vipande vyembamba akakuta ugonjwa unaoitwa CTE, ule unaowapata mabondia na wachezaji wa futiboli ya Marekani: protini inajikusanya katika ubongo uliotikiswa mara nyingi, na polepole kumbukumbu, hasira na uamuzi vinaharibika. Hauonekani kwa uhakika mtu akiwa hai. Bob Probert, mbabe wa Detroit na Chicago aliyefariki Julai 2010 akiwa na miaka 45, alikuwa nao pia. McKee alishangaa kuona kwamba ubongo wa kijana wa miaka 28 ulikuwa umeharibika kuliko ule wa Probert.

Mwaka ule ulikuwa wa msiba juu ya msiba. Agosti 15 akafariki Rick Rypien, miaka 27, mbabe aliyekuwa akisumbuliwa na sonona kwa muda mrefu. Agosti 31 Wade Belak, miaka 35, alikutwa amefariki hotelini Toronto. Watatu ndani ya miezi minne, wote kazi moja.

Haya mengi tunayajua kwa sababu ya mwandishi mmoja, John Branch wa New York Times, aliyechapisha simulizi ya Boogaard kwa sehemu tatu Desemba 2011, kisha kitabu mwaka 2014. Mimi kama mtu wa gazeti niliyezoea kupewa maneno 400 na saa mbili, namwonea wivu na kumvulia kofia kwa pamoja. Lakini angalieni chanzo chake kikuu ni nani. Si msemaji wa ligi wala daktari wa timu. Ni Len Boogaard, mzee wa polisi, aliyefanya uchunguzi wa kifo cha mwanae kama alivyofundishwa kuchunguza vifo vya watoto wa wenzake: kuomba mafaili ya hospitali, bili za simu, risiti, akapanga tarehe moja baada ya nyingine.

Familia ilikwenda mahakamani mwaka 2013 kuishitaki NHL. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliitupa kesi, na rufaa nayo haikufua dafu. Wachezaji wengine wastaafu walifungua kesi yao kuhusu mitikisiko ya ubongo, na Novemba 2018 wakamalizana na ligi kwa dola milioni 18.9, zikigawanywa kwa watu 318, ligi bila kukiri kosa. Futiboli ya Marekani, kwa kulinganisha, ilikubali kulipa zaidi ya mara hamsini ya hapo. Kamishna Gary Bettman alimwandikia seneta mmoja mwaka 2016 kwamba sayansi haijathibitisha kuwa mitikisiko ndiyo inayosababisha CTE. Kisheria ni sentensi nzuri. Ukimsomea mama wa marehemu sijui itasikikaje.

Kazi yenyewe ilianza kufa, si kwa huruma bali kwa kasi. Timu ziligundua kwamba nafasi ya mtu wa dakika tano ni bora apewe kijana anayekimbia. Msimu wa 2008-09 mapigano katika ligi yalizidi 700. Miaka kumi baadaye hayakufika 300. Oktoba 2013 George Parros wa Montreal alianguka uso kwanza katikati ya pambano akazimia barafuni, na picha ile ilizunguka dunia. Parros ni msomi wa uchumi kutoka Princeton. Mwaka 2017 ligi ilimteua kuwa mkuu wa idara ya usalama wa wachezaji. Sijabuni, tafuteni wenyewe.

Mwaka 2023 ligi ya vijana ya Quebec iliamua kwamba anayepigana atolewe nje. Lakini Februari 2025, mjini Montreal, Marekani na Kanada walipokutana, kulikuwa na mapambano matatu katika sekunde tisa za kwanza, na nchi mbili nzima zilisimama kwenye viti. Hata watu ambao hawajawahi kuangalia mchezo huu waliniletea kile kipande kwenye simu, na vikatuni vya kucheka.

Na kabla ya hapo, tarehe 18 Februari 2024, New York Rangers walimwingiza mchezaji mpya anayeitwa Matt Rempe, mrefu kuliko hata Boogaard. Mara tu alipokanyaga barafu kwa mara ya kwanza katika NHL alitupa glovu akapigana. Akapigana tena mechi zilizofuata, na Madison Square Garden ikawa inaimba jina lake. Alikuwa na miaka 21.